Mabehewa ya Mbele na Mabehewa ya Nyuma



Wengine wenu mtauliza: gazeti la chama lina shughuli gani na picha za sinema? Ziko habari za mshahara, za nyumba, za matibabu na za mashine za kuchuma chai. Kwa nini karatasi na wino vitumike kwa mambo ya mchezo? Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili. Vijana wetu wa laini, kutoka Kericho mpaka Konoin na Sotik, hutazama picha kila siku, katika vibanda vya video na katika simu zao. Na katika picha hizo ziko nyingi zinazosimulia habari za tajiri na maskini, za mwenye mali na mwenye jasho, ila husimulia kwa mafumbo. Hutuonyesha mji usiokuwapo, au wakati ambao haujafika bado: dunia imeharibika, wachache wanakaa juu wakistarehe, na wengi wako chini wakitumika. Mwenye kutazama ovyo huona moto na bunduki tu, kisha akalala. Mwenye kutazama kwa jicho la mwanachama huiona laini yake mwenyewe.

Sisi twasema kwamba picha hizi zina faida kwetu, na tena zina kasoro moja kubwa. Zinajua sana kuonyesha jinsi dhuluma ilivyojengwa, lakini hazijui kuonyesha jinsi inavyobomolewa. Tumechagua tatu, moja ya Ujerumani, moja ya Korea ya Kusini na moja ya hapa kwetu Kenya, ili tuwaeleze wale ambao hawajaziona, kisha tuseme maoni yetu.

SINEMA HAIKUJA KWETU KAMA MCHEZO

Kwanza yafaa tukumbuke sinema ililetwaje. Kuanzia mwaka 1935 hata 1937 palikuwa na jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Wenye jaribio hilo walitengeneza picha fupi fupi, wakazitembeza kwa lori katika nchi za Afrika ya Mashariki. Picha zilifundisha kuweka akiba posta, kujikinga na safura, kutunza udongo na kulipa kodi. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha Colonial Film Unit, na magari ya sinema yakazidi kutembea vijijini.

Hatusemi kwamba kujikinga na safura ni vibaya. Lakini angalieni, mafundisho yalikuwa ya upande mmoja. Mtazamaji alifundishwa kulipa kodi, hakufundishwa kuuliza kodi imekwenda wapi. Tena ilikuwako kazi ya kukagua picha kabla hazijaonyeshwa, na picha nyingine ziliruhusiwa kwa Wazungu zikakatazwa kwa Waafrika. Serikali ile ilijua jambo ambalo sisi wenyewe twalisahau: picha ni mwalimu, na mwalimu anaweza kuogopwa.

MJI WA JUU NA MJI WA CHINI

Picha ya kwanza yaitwa Metropolis. Ilitengenezwa na Fritz Lang, na watu wa Berlin waliitazama mara ya kwanza mwezi Januari 1927. Miaka hiyo ndiyo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yakianza kupanda chai Kericho. Kwa hiyo picha hii na mashamba yetu ni watu wa rika moja. Ni picha bubu, haina maneno ya kusikia. Sehemu yake kubwa ilipotea kwa miaka mingi, hata mwaka 2008 ikapatikana nakala ndefu huko Buenos Aires, Argentina.

Habari yake ni hii. Upo mji mkubwa wenye majumba marefu. Juu wanakaa wenye mji, na watoto wao hucheza bustanini. Chini ya ardhi ziko mashine, na chini ya mashine ndiko wanakokaa wafanyakazi. Hata saa yao si kama saa ya watu wengine: ina tarakimu kumi, kwa kuwa zamu ni ya saa kumi. Wakati wa kubadilishana zamu, wanaoingia na wanaotoka wote wameinamisha vichwa, wanakwenda kwa hatua moja kama wafungwa. Siku moja Freder, mtoto wa mwenye mji, anashuka chini na kuona mashine inaripuka na kuangusha watu. Machoni pake mashine ile inageuka kuwa sanamu yenye kinywa wazi, na watu wanapandishwa ngazi kuingia kinywani humo.

Huko chini yuko msichana anayeitwa Maria. Anawatuliza wafanyakazi na kuwaambia wangoje, mpatanishi atakuja. Mwenye mji anapata habari ya mikutano hiyo. Je, anakuja kusikiliza manung'uniko? La. Anamwamuru fundi wake ampe mtu wa chuma sura ya Maria, na mtu huyo wa chuma anatumwa kwa wafanyakazi awachochee kufanya fujo, ili bwana mkubwa apate kisingizio cha kutumia nguvu. Wafanyakazi wanainuka kwa hasira, wanaivunja mashine kuu inayouendesha mji. Maji yanafunguka. Na mji unaofurika ni ule wa chini, mji wao wenyewe, ambamo wamewaacha watoto wao. Watoto wanaokolewa, lakini kwa shida kubwa.

Ndugu wasomaji, mnajua kwa nini twaisimulia habari hii mahali hapa. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, polisi na waandamanaji wakapambana, watu wakaumia. Hasira ile haikuzuka bure. Mjumbe mmoja wa kamati iliyochunguza jambo hili katika kaunti alisema kwamba kazi zipatazo 30,000 zilipotea Kericho kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi. Hiyo si hesabu ya majani, ni hesabu ya watu, na nyuma ya kila mmoja wako watoto, wako wazee nyumbani, iko karo ya shule.

Kwa hiyo hatumcheki aliyekasirika. Lakini picha ya 1927 inatuuliza maswali mawili. Moto ukiwaka, maji yatafurika nyumba ya nani? Na yule anayepiga kelele kuliko wote kwamba tuvunje, ametoka wapi, na ni nani amjuaye? Hatumtuhumu mtu. Twasema tu kwamba maswali hayo yapaswa kuulizwa katika kila mkutano kabla ya kiberiti kutoka mfukoni.

Mashine yenyewe haina mfuko. Faida inayotoka katika mashine huingia mfukoni mwa mtu, na hapo ndipo penye mashindano. Mashine moja ikishika kazi ya watu wengi, watu wale wanapata nini? Watafundishwa kuiendesha? Watapewa kazi nyingine kiwandani? Watapewa kiinua mgongo cha haki, na habari mapema, au watasoma majina yao siku hiyohiyo kwenye ubao? Haya ndiyo mambo ya kupigania. Chuma kikiungua, kampuni hununua kingine.

Sasa tazameni picha inavyokwisha. Mbele ya mlango wa kanisa kubwa, mtoto wa tajiri anaushika mkono wa baba yake na mkono wa mnyapara, anaviunganisha viganja vyao, basi, watu wanafurahi. Hapo sisi twasema: ngojeni kwanza! Wamepatana nini? Zamu imepungua? Nyumba zitajengwa juu penye jua? Waliokufa kwa mashine jamaa zao watalipwa? Hakuna hata neno moja. Mikono imeshikana, na hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Fritz Lang mwenyewe alisema baadaye kwamba mwisho ule haukumridhisha. Moyo mwema wa tajiri ni jambo la kushukuru, lakini moyo hausomwi mahakamani. Mapatano yaliyoandikwa husomwa.

GARI LA MOSHI LISILOSIMAMA

Picha ya pili yaitwa Snowpiercer, kazi ya Bong Joon-ho wa Korea ya Kusini, ya mwaka 2013. Dunia yote imeganda kwa barafu, na watu waliosalia wamo ndani ya gari la moshi moja linaloizunguka dunia bila kusimama. Mbele kabisa yumo Wilford, mwenye injini. Baada yake yako mabehewa ya anasa, yenye bustani, samaki, shule na ngoma. Nyuma kabisa wamejazana maskini gizani, wanakula vipande vyeusi kama sabuni, na wakija kujua vimetengenezwa kwa nini, wanaona ni wadudu waliosagwa.

Sisi wa Kenya hatuhitaji kufasiriwa fumbo la mabehewa. Reli iliyopita stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa huitwa Kipkelion, ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na siku za ukoloni kila mtu alijua rangi yake yampeleka daraja gani. Katika picha hii yuko bibi mmoja mkubwa anayekuja nyuma kuwahutubia maskini. Anawaambia kwamba kiatu hakivaliwi kichwani, kila kitu kina mahali pake, na mahali pao ni miguuni. Mashambani maneno hayo hayasemwi waziwazi hivyo. Husemwa na nyumba: kilimani nyumba ya meneja yenye bustani, bondeni chumba kimoja cha mtu na mkewe na watoto wanne.

Mambo matatu katika picha hii yatufae.

La kwanza ni mtoto ndani ya injini. Watu wa mbele husema injini ni ya milele, inajiendesha yenyewe. Maskini wanapofika mbele wanafunua sakafu na kumkuta mtoto mdogo, aliyechukuliwa nyuma kwa nguvu, anafanya kazi ya chombo kilichokwisha ambacho hakipatikani tena. Basi mkiambiwa kwamba kazi fulani sasa inajifanya yenyewe, funueni sakafu. Yuko mtu. Yuko anayeibeba ile mashine mgongoni kwenye mteremko wenye utelezi, yuko anayevuta moshi wake kutwa nzima, yuko kibarua wa msimu anayeokota majani yaliyoangushwa.

La pili ni mzee wa nyuma. Maskini wana mzee wanayemheshimu kuliko wote, jina lake Gilliam. Mwishoni Wilford anamwambia kiongozi wa maasi, kijana Curtis, kwamba mzee yule alikuwa akizungumza naye kwa siri siku zote, na kwamba maasi yenyewe yalipangwa ili watu wapungue. Kisha anamwonyesha Curtis kiti chake na kumwambia akikalie. Hapa kila chama cha wafanyakazi duniani, na chetu kimo, lazima kijitazame katika kioo. Kiongozi anayekula na mwajiri usiku, asubuhi atawaambia wanachama kwamba haiwezekani. Dawa yake si kuvunja chama, kwa kuwa kuvunja chama ndiko anakotaka mwenye injini. Dawa ni mkutano wa mwaka usiokosa, hesabu ya fedha isomwe mbele ya watu, uchaguzi wa haki, na mazungumzo na mwajiri yasifanywe na mtu mmoja peke yake.

La tatu ni mwenye injini. Watu wengi wakitoka katika picha hii hufikiri kwamba shida ni Wilford, angeondoka mambo yangekuwa mema. Sisi wa Kericho tumeona wenye injini wakibadilika. Mwaka 1984 Unilever iliinunua Brooke Bond. Mwaka 2022 Unilever ikamaliza kuuza kazi yake ya chai kwa CVC, nayo ikachukua jina la Lipton. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay hapa Kenya yakaenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya Lipton nayo yanauzwa kwa Browns. Kila mara bango la njiani limepakwa rangi mpya. Je, mabehewa yamebadilishana mahali? Kwa hiyo mwajiri mpya akija, swali letu la kwanza lisiwe yeye ni mtu mwema au mbaya. Liwe hili: mapatano yaliyotiwa sahihi na yule aliyetangulia, wewe unayafuata?

Mwisho wa picha hii ni mkali. Gari linaripuliwa, theluji inaporomoka, mabehewa yanaanguka, na tunaowaona wakitoka salama ni msichana mmoja na mtoto mmoja. Vijana hupiga makofi. Sisi tunahesabu waliokuwamo mabehewa ya nyuma.

JASHO NA MAJI

Picha ya tatu ni fupi, ya dakika zipatazo 20, na jina lake ni neno letu: Pumzi. Aliyeitunga na kuiongoza ni Wanuri Kahiu, mwanamke wa Kenya, mwaka 2009. Habari yake ni ya Afrika ya Mashariki baada ya vita kuu ya maji. Nje hakuna kinachoota. Watu wanakaa ndani ya majumba yaliyofungwa, katika jumuiya iitwayo Maitu, neno la Kikuyu la kumwita mama. Maji ni ya kugawiwa. Hata jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Umeme hutoka katika miili ya watu, wanaopanda vyombo vya kukanyaga na kuvuta, zamu kwa zamu. Na mtu akiota ndoto, huamriwa anywe dawa ya kuizuia.

Mchumaji wa chai hapo hana haja ya mkalimani. Sisi twajua kazi ambayo mwili ndio injini. Twajua kuwa juu ya mzani ni kilo tu, na mzani haukuulizi umeamkaje.

Asha, mfanyakazi wa nyumba ya makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, dalili ya kwamba mahali fulani nje ardhi ingali hai. Anaomba ruhusa ya kutoka, wakuu wanamkatalia. Hapo wazee wetu watakumbuka kipande, kilichotokana na sheria ya 1915 na kutumika baada ya vita kuu ya kwanza, ambacho Mwafrika alikivaa shingoni, asipate kuacha kazi bila sahihi ya bwana. Asha anaadhibiwa kwa kuwekwa kwenye vyombo vya umeme. Kisha anatoroka, anatembea jangwani, anaupanda mche wake, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, na kulala juu yake ili kuufanyia kivuli.

Ni picha nzuri sana, na twajivunia kwamba imetoka kwetu. Lakini mwangalieni mtu mmoja ambaye watazamaji wengi humsahau. Asha hatoroki peke yake. Anayemsaidia ni mfagiaji wa msalani. Kamera inakwenda na Asha, na mfagiaji anabaki ndani. Sisi wa chama tungependa picha ya pili, ya yule mfagiaji: aliulizwa nini siku ya pili yake, na je, wenzake walisimama naye?

PICHA ISIYOKUWA FUMBO

Mtu atasema: mafumbo ya nini, ikiwa ukweli waweza kuonyeshwa? Na kweli umeonyeshwa. Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza picha iliyochukuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho, juu ya wanawake walioshurutishwa kulala na wasimamizi ili wapate kazi au wasiipoteze. Dunia ilishtuka. Wasimamizi kadhaa walisimamishwa kazi, na Bunge la Kenya likaagiza uchunguzi ufanywe. Twawapongeza wanawake waliosema. Kusema kwao kulihitaji ushujaa kuliko wa Curtis na Freder, kwa kuwa wao hawakuwa wakiigiza.

Lakini hapa ndipo fumbo linapoongeza kitu. Picha ya kweli ilituonyesha watu wabaya, na watu wabaya wakaondolewa. Picha ya gari la moshi yatuuliza jambo jingine: ni nani aliyempa mtu yule funguo? Msimamizi mmoja akiwa na uwezo wa kuandika jina la kibarua au kuliacha, kumpa kazi nyepesi au nzito, peke yake, bila karatasi na bila shahidi, huyo amewekwa kwenye mlango baina ya mabehewa. Ukimwondoa yeye na kuuacha mlango vilevile, atakayekuja baada yake ataushika ufunguo uleule. Basi madai yetu yasiwe ya kufukuzwa mtu tu. Kuandikwa kazi kufanywe hadharani, kwa zamu inayojulikana, mwakilishi wa chama akiwapo, na wanawake wawe na mtu wao wa kumpelekea mashtaka asiyekuwa chini ya msimamizi.

MAMBO MAWILI YASIYOONEKANA

Tumezitazama picha hizi na nyingine za namna hiyo, na mambo mawili tumeyakosa.

La kwanza ni ukabila. Katika picha hizi watu wa chini ni wamoja. Njaa imewafanya ndugu. Ingekuwa hivyo kwetu! Hapa Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya hupanga mstari mmoja kwenye mzani, lakini katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wachumaji wa makabila mengine walishambuliwa Kericho katika nyumba walizokuwa wakikaa, wengine wakauawa, wengi wakakimbia. Kilo haina kabila. Kwato la mwaka ule limebaki, na anayetaka kututawala hana haja ya kutengeneza mtu wa chuma, maana amewakuta wanasiasa tayari. Chama kisichosema jambo hili waziwazi kitavunjika kila baada ya miaka mitano.

La pili ni chama chenyewe. Katika Metropolis wafanyakazi wana mikutano gizani na msichana wa kuwatuliza. Katika Snowpiercer wana shujaa na shoka. Katika Pumzi yuko mtu mmoja na mche wake. Hakuna mahali tulipoona katibu wa tawi, kadi ya uanachama, wala siku ya tatu ya mazungumzo ambapo kila mtu amechoka na chai imepoa. Sababu twaijua: mambo hayo hayapendezi kutazamwa. Mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa chai, kahawa, mkonge na mashamba mengine viliungana kuwa chama kimoja cha nchi nzima. Hapakuwa na mtu wa kuitengenezea jambo hilo picha ya kusisimua. Mwaka 2016 mahakama ya kazi iliamuru wachumaji waongezwe asilimia 30 kwa miaka ya 2014 na 2015, waajiri wakakata rufani, mwaka 2017 wachumaji wakagoma, kesi ikaendelea. Ni nani atakayekata tikiti atazame kesi? Hata hivyo, likizo, nyumba, matibabu na kila senti iliyoongezwa katika mshahara vilipatikana kwa njia hiyo ndefu, ya watu wengi wasio na jina, waliokaa mezani na kukataa kuondoka.

Hii ndiyo hatari tunayoiona. Kijana akitazama picha mia moja za namna hii, na katika zote ukombozi ni wa shujaa mmoja au wa moto mmoja, atangoja shujaa, au atatafuta kiberiti. Akiitwa kwenye mkutano wa tawi ataona ni jambo dogo. Na mwenye injini hana taabu na kijana anayengoja shujaa.

Kwa hiyo hatusemi vijana wasitazame. Watazame, tena tutazame nao. Twaomba kila tawi, kutoka Kericho hata Bomet, lipange jioni moja katika mwezi, vijana na wazee wa chama wakae pamoja watazame picha moja, kisha isizimwe taa watu wakatawanyika. Yaulizwe maswali manne: Nani anafanya kazi, na nani anakula? Nani ameshika funguo za mlango wa katikati? Mwishoni wamepatana nini, na kimeandikwa wapi? Na kama tungekuwa sisi, mkutano wetu wa kwanza ungeitwa na nani, siku gani? Mwenye maoni yanayopingana na haya yetu ayaandike na kumpa katibu wa tawi lake, nasi tutayapiga chapa katika toleo lijalo.

Umoja ni Nguvu.